Kabari, Nyundo na Mtarakwa wa Subukia

Ukitoka Nakuru kwenda Nyahururu, ukamaliza mteremko wa Bahati na kuingia bonde la Subukia, tazama nguzo za nyua kabla hujatazama mahindi. Zile kuukuu utazijua mara moja. Zimegeuka rangi ya majivu, zina pembe tatu au nne zisizolingana, na huwezi kupata mbili zilizo sawa. Nyingi zilichimbiwa enzi za walowezi, mashamba makubwa hayajagawanywa. Waya umeliwa na kutu ukabadilishwa, wenye mashamba nao wamebadilika, lakini nguzo zimesimama pale pale na mchwa wamezishindwa.

Hizo ni nguzo za mtarakwa, ambao wauza mbao huuita seda. Kwa urefu wake wote, nguzo kama hiyo haijaguswa na msumeno. Imepasuliwa kwa kabari na nyundo, na watu wanaoijua kazi hiyo bado wapo Subukia, ingawa ni wachache. Nimekaa sana na mmoja wao nikimtazama akifanya kazi, na naandika kwa sababu naamini ufundi wake ni mkubwa kuliko malipo anayopata. Seremala wa viti na makabati tunamwita fundi bila kusita. Huyu watu humwita mpasua miti, wakidhani kazi yake ni misuli tu. Kijana anayejifunza kwake humwita Guka, yaani babu. Mimi namwita Mzee.

Kwanza mti wenyewe, maana bila kuujua huwezi kuona anachokifanya. Mtarakwa, ambao wataalamu huuita Juniperus procera, ni mti wa milima mikavu kiasi. Unaanzia milima ya Saudia na Yemen, ukashuka Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Zimbabwe. Ndugu zake wote wa jamii ya juniperi wameishia kaskazini mwa dunia. Huu peke yake ndio uliovuka ikweta bila kupandwa na mtu. Na ikweta inapita hapa hapa Subukia. Kwenye miinuko inayolizunguka bonde, mtarakwa huota pamoja na mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu, na ukipata udongo na nafasi hufika hata mita 40. Kuna miti dume na miti jike. Jike huzaa vitunda vidogo vya buluu iliyokolea, ndege huvila, na mbegu hudondoka mbali na mama yake.

Mche wa mtarakwa hautaki kivuli. Chini ya msitu uliofunga hauinuki. Unangoja mti uanguke au moto upite uache mwanga. Kwa hiyo moto unaoua mitarakwa mikubwa ndio huo huo unaowafungulia wanawe nafasi, mradi mbuzi na ng'ombe wasifike kabla miche haijashika. Ukishashika, hukua polepole. Mti wa kutoa nguzo nzuri una umri wa mtu mzima na zaidi, na katika miaka hiyo moyo wake hujaa mafuta yenye harufu kali tamu ambayo mchwa na ukungu wa kawaida hawayataki. Weupe ulio nje ya moyo hauna kinga hiyo. Fundi asiyeuondoa weupe wote anakuuzia chakula cha mchwa.

Moyo nao una adui wake. Kuna uyoga unaoozesha mitarakwa mizee kutoka ndani, na mti unaweza kusimama mzima kwa macho huku katikati ni shimo. Ndiyo maana Mzee hagusi gogo lolote kabla hajaligonga kwa kisigino cha shoka, akianzia shinani na kupanda. Siku moja kijana alimwambia, "Guka, hili limelia vizuri." Mzee akasema, "Limelia vizuri hapo ulipo. Songa hatua mbili, ugonge tena." Kijana akagonga. Mlio ukawa wa mtungi mtupu. Hakuna aliyecheka. Wakapima upya, wakakata pale uzima ulipoanzia.

Baada ya hapo hutazama gamba. Gamba la mtarakwa huchunika kwa vipande virefu vyembamba, na mwelekeo wa vipande hivyo hukuonyesha nyuzi za ndani zinakwenda vipi. Mti ulionyooka, gamba lake limenyooka. Mti uliojisokota, gamba linazunguka shina taratibu, na nguzo zake zitatoka zimepinda hata ufanye nini. Mashina mengi ya mtarakwa pia yana mifereji mirefu, hayana uviringo safi, na Mzee huamua mapema gogo litagawanywa kufuata mfereji upi. Mara nyingi uamuzi huo huchukua muda mrefu kuliko kupasua kwenyewe. Hukaa juu ya gogo jingine, akatazama, akainuka, akazunguka, akarudi kukaa.

Gogo hukatwa kwa urefu wa futi 7, futi 2 zikiwa za kuingia ardhini. Kukata huko kwa kukingama ndiko pekee kunakofanywa kwa msumeno, na siku hizi ni pawa-soo ya kukodi. Kisha pawa-soo hunyamaza, na ninapenda ukimya huo. Mzee huchora mstari kwa ncha ya shoka kwenye uso wa gogo, kupitia kitovu, akifuata ufa mdogo ambao jua limeshauanzisha. Kabari ya kwanza huingia hapo. Ni ya chuma, imefuliwa na mafundi wa jua kali kutokana na springi ya lori. Hupigwa kidogo, kisha kidogo tena. Halafu hukaa. Gogo huanza kulia lenyewe, nyuzi zikiachana moja moja, na ufa hutokea ubavuni. Kabari ya pili huwekwa kwenye ufa huo, mbele ya ile ya kwanza. Ikishika, ya kwanza hulegea na kutolewa kwa mkono, ikapelekwa mbele zaidi. Ufa ukishapanuka, chuma huondolewa na kabari za mutamaiyu huchukua nafasi, kwa kuwa ni nene na hazijeruhi mti.

Hapo gogo huwa vipande viwili, na akili ya kazi hii yote inaanzia hapo. Nusu hugawanywa nusu, kisha robo, kisha nusu ya robo, kila mara kwa uzito ulio sawa pande zote mbili. Ukijaribu kubandua kipande chembamba kutoka kwenye kinene, ufa utakimbilia upande mwembamba na kutokea nje kabla ya kufika mwisho, na umepoteza nguzo. Nimeona ufa ukianza kukimbia hivyo. Mzee hakuongeza nguvu. Aligeuza kipande, akaukandamiza chini upande ulio mnene ili upindike, akaigonga kabari kidogo sana, na ufa ukarudi katikati. Kijana akauliza, "Umejuaje, Guka?" Akajibiwa, "Ufa unafuata upande unaopindwa. Pinda ule mnene, utakuja kwako." Kanuni hiyo ni kweli kwa kila mti unaopasuka kwa unyoofu, popote duniani.

Nasema popote duniani nikijua ninachosema. Kwenye pwani ya magharibi ya Marekani Kaskazini, kutoka Alaska hadi California, huota mti unaoitwa Sitka spruce, mkubwa ajabu, mikubwa kabisa ikizidi mita 90. Mbao zake ni nyepesi lakini zina nguvu, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia zilitafutwa mno kwa ajili ya kuundia ndege, hata mwaka 1917 jeshi la Marekani likaunda kikosi maalumu cha askari wa kwenda misituni kuzitoa. Viwanda vya msumeno havikukosekana, lakini magogo mengi yalipasuliwa kwanza kwa kabari huko huko msituni, kwa kuwa ufa peke yake ndio unaosema ukweli kuhusu nyuzi. Msumeno huenda unakoelekezwa, hata kama nyuzi zinakwenda kwingine. Mafundi wa magitaa wanaotumia mti huo hadi leo huupasua kipande kwanza, ndipo wachanje ubao wa uso wa gitaa kufuata ufa. Rubani aliyetegemea bawa la mti na mkulima wa Subukia anayetegemea ua wake wanahitaji kitu kile kile: nyuzi zisizokatwa njiani. Nguzo iliyochanwa kwa msumeno ina maelfu ya nyuzi zilizokatwa ubavuni, na kila iliyokatwa ni mlango wa maji. Iliyopasuliwa huwa na nyuzi nzima kutoka juu hadi chini, na mvua hutiririka juu yake.

Uskoti na Ayalandi wameupanda Sitka spruce kwa mashamba makubwa, kama sisi tulivyojaza Bahati na Dundori saipresi. Sina ugomvi na saipresi. Mti huo wa Mexico na Amerika ya Kati umetujengea mapaa na shule, na huvunwa baada ya miaka 30 hivi, jambo ambalo mtarakwa hauwezi. Lakini nguzo yake bila dawa haidumu, na mwaka 1990, vidukari vya saipresi vilipoingia Kenya, mistari mizima ya nyua za saipresi ilikauka. Vidukari hivyo vilishambulia hata mitarakwa.

Wengine walijua thamani ya mtarakwa zamani sana. Waogiek wa Mau hupasua gogo lake sehemu mbili, huzichimba ndani, kisha huzifunga pamoja ziwe mzinga, na mzinga huo hukaa juu ya mti miaka mingi bila kuoza. Wakati wa ukoloni, mbao zake zilisafirishwa ng'ambo kuwa penseli, maana moyo wake mwekundu huchongeka vizuri kwa wembe. Na nyumba nyingi za kwanza za wakulima wetu, kabla ya mawe na mabati ya rangi, zilikuwa za mabanzi ya mtarakwa yaliyopasuliwa namna hii hii. Mabanzi ni kazi ngumu zaidi kuliko nguzo. Unene ni mdogo, na kosa halina pa kujificha. Hata kupigilia kuna adabu yake: mtarakwa hupasuka upesi, kwa hiyo Mzee hugonga kwanza ncha ya msumari iwe butu, ili ijisagie njia badala ya kuufungua mti.

Leo kukata miti ya asili katika misitu ya serikali kumekatazwa, na ni sawa. Misitu ya mtarakwa iliyobaki ni michache mno kugeuzwa nyua. Shambani kwako pia unahitaji kibali kabla ya kuangusha au kusafirisha mti. Mzee hafanyi kazi bila karatasi hiyo mkononi. Magogo yake ni ya miti iliyoanguka kwa upepo au kukauka katika mashamba ya watu, na zaidi ya hayo ni nguzo kuukuu zenyewe. Nguzo ya nusu karne huoza kidogo pale inapokutana na ardhi, basi. Akikata sehemu hiyo na kuchonga uso wa kijivu, ndani hutokea wekundu ule ule na harufu ile ile. Huipasua tena ikawa mabanzi ya banda la kuku, au fito za ngazi, au nguzo fupi ya bustani. Nimemwona akigeuza kipande ambacho mtu mwingine angekitia mekoni, akakitazama kwa muda ule ule anaolitazama gogo zima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye shamba Subukia, Solai, Bahati au Marmanet: ukibadilisha ua kuweka nguzo za zege, usichome zile za seda wala kuziuza kwa bei ya kuni. Mwite fundi azipasue upya. Panda mitarakwa mpakani, mahali penye jua, uizungushie miiba mpaka ipite kimo cha mbuzi. Na ukiwa na kijana mwenye subira anayetafuta kazi ya mikono, mpeleke kwa wazee hawa mwaka huu, wangali wana nguvu za kuinua nyundo na kumwonyesha.