Jazi Isiyo na Piano

Ukitafuta wasifu wa mpiga piano wa jazi kutoka mkoa wowote wa Tanzania katika miaka ya 1950 na 1960, utachoka bure. Utakachokuta ni majina ya bendi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na, huku kwetu ziwani, Musoma Jazz na Mara Jazz. Piano haipo.

Katika semina moja ya uzamili niliwahi kusikia pengo hilo likitolewa kama hukumu: bendi hizi zilijipachika jina tu, zilikuwa za dansi la kawaida. Likizo iliyofuata, nikiwa nyumbani Mukendo, nilimsikiliza Salum Abdallah wiki nzima. Naiona hukumu ile imepotoka.

Salum alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba Mwarabu, mama Mluguru. Alikua wakati santuri za Kuba zikisambaa Afrika, zile za GV ambazo kampuni ya HMV ilianza kuzitoa mwaka 1933. Mwaka 1948 aliunda La Paloma. Mwaka 1952 ikaja Cuban Marimba. Majina yenyewe yanakwambia masikio yake yalikuwa wapi.

Sikiliza "Ngoma Iko Huku". Gitaa linashika kifungu kifupi, linakirudia bila kuchoka, na waimbaji wanapanda juu yake. Aliyezoea muziki wa Kuba ataitambua kazi hiyo: ni kazi ya mpiga piano. Ni kweli kwamba bendi ya mkoani isingeweza kuzunguka na piano juu ya lori, wala isingempata fundi wa kuirekebisha kila ilipofika. Gitaa hubebwa begani.

Lakini tukiishia kwenye umaskini tutakuwa tumewapunja. Huko Kuba kwenyewe, son ya mwanzo haikuwa na piano. Trio Matamoros walikuwa sauti na magitaa. Kifungu kile cha kurudiarudia kilikuwa cha tres, gitaa lenye jozi tatu za nyuzi. Piano ilipata nafasi ya kudumu baadaye, hasa katika kundi la Arsenio Rodríguez miaka ya 1940, ikajifunza kutoka kwa nyuzi. Kwa hiyo Salum na wenzake walikirudisha kifungu mahali kilikotoka. Na nyuzi tulikuwa nazo. Wakurya hapa Mara wana litungu la nyuzi nane, linalozunguka palepale huku mwimbaji akisimulia. Msikilizaji wa Musoma hakuhitaji kufundishwa namna ya kusikiliza.

Simvishi Salum taji la ukamilifu. Nyimbo zake kadhaa hubaki kwenye sauti zilezile tatu za msingi, na hapo piano ingempa upana ambao magitaa mawili hayaufikii. Santuri ya 78 nayo ilimpa dakika tatu hivi kwa upande. Mara nyingi gitaa linapoanza kutoka nje ya kifungu na kubuni, wimbo umeshakwisha. Kama jazi ni kubuni papo kwa papo, basi santuri zinatuonyesha mlango wake tu; yaliyopigwa ukumbini mpaka alfajiri hayakuingia humo.

Salum alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965, na Juma Kilaza akaiongoza bendi. Tunamkumbuka kama mwimbaji, na ni haki yake. Ila kumbukumbu hiyo imewaacha nje waliokaa nyuma yake wakishika kifungu kilekile usiku kucha. Majina yao ni machache vitabuni, na waliowaona wakipiga sasa ni wazee sana. Anayetaka kuandika wasifu wa jazi ya mikoani asitafute piano. Awaulize wazee hao nani alishika gitaa la rithimu, na aulize mapema.