Mgane na Kaburi: Kuisoma *I Am Legend* ya Richard Matheson Kutoka Butembo

1.0 Utangulizi

Mgane aliyefanywa mgumu na misiba, anayeishi katikati ya wafu wanaotembea huku akiandamwa na hatia ya kumpoteza mkewe, ni mhusika wa kawaida katika sinema na hadithi za picha za zama hizi. Rick Grimes wa *The Walking Dead*, kazi iliyoanza kama hadithi ya picha mwaka 2003 na kuingia katika televisheni mwaka 2010, ndiye mfano unaofahamika zaidi. Hata hivyo, chimbuko la mhusika huyu ni la zamani zaidi. Linapatikana katika riwaya fupi ya Mmarekani Richard Matheson, *I Am Legend*, iliyochapishwa mwaka 1954. Wafu wa Matheson ni wanyonya damu, si mazombi. Lakini George Romero, aliyeipa sinema ya mazombi sura yake ya sasa kwa filamu ya *Night of the Living Dead* ya mwaka 1968, alikiri wazi kwamba aliazima kutoka kwa riwaya hiyo.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama kielelezo cha hofu za Marekani ya miaka ya 1950: vita, bomu la atomiki na upweke wa vitongoji vya miji mikubwa. Usomaji huo una msingi. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanaisoma riwaya kutoka Butembo, kwa macho ya msomaji wa komini ya Kimemi ambaye kati ya mwaka 2018 na 2020 aliishi katika mji ambamo kumzika mke kwa mikono yako lilikuwa jambo lililokatazwa. Dai la makala ni kwamba hatia ya mgane wa Matheson inatokana na tendo la upendo na desturi, na kwamba riwaya inashindwa kumtoa katika hatia hiyo kwa sababu imemnyima jamii. Yaliyotokea Butembo na Beni yanasaidia kuuona upungufu huo.

2.0 Mazishi Yaliyokatazwa

Robert Neville anaishi peke yake Los Angeles. Tauni imewaua watu wote anaowajua, na wengi wao wamerudi. Mchana huwasaka wakiwa usingizini na kuwaua. Usiku hujifungia katika nyumba aliyoizibia madirisha kwa mbao, akinywa pombe na kusikiliza muziki, huku jirani yake wa zamani, Ben Cortman, akimwita kutoka nje. Matheson anatuonyesha kwanza ugumu wa mtu huyu. Tunamwona akichonga mambo za mti na kuzipigilia vifuani mwa wafu kama fundi anayehesabu kazi ya siku.

Mpangilio wa matukio ndio unaofichua kidonda. Mapema katika riwaya Neville anakwenda kwenye kaburi la mkewe, Virginia. Saa yake inasimama bila yeye kujua, anachelewa, na nusura usiku umkute nje. Msomaji bado hajaelezwa jinsi mke huyo alivyofika kaburini. Maelezo yanakuja baadaye, kwa vipande vya kumbukumbu. Serikali ilikuwa imeamuru maiti zote zichomwe moto. Binti yao, Kathy, alipokufa, alichukuliwa akatupwa katika shimo la moto, na baba hakuweza kuzuia. Virginia alipokufa, Neville alikataa. Alimchukua akamzika mwenyewe kwa siri. Kisha mke akarudi mlangoni, na mume akalazimika kumuua mara ya pili.

Kwa msomaji wa mbali, tendo hili laweza kuonekana kama kosa la mtu aliyepagawa kwa huzuni. Kwa msomaji wa Butembo halihitaji kufafanuliwa. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, chanzo chake kikiwa Mangina, karibu na Beni, na ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Walioambukizwa walihesabiwa kuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Kwa kuwa maiti ya aliyekufa kwa Ebola huwa na virusi vingi, kuosha na kukumbatia maiti kulikuwa miongoni mwa njia kubwa za maambukizi. Kazi ya kuzika ilikabidhiwa kwa timu maalumu zilizovaa mavazi ya kujikinga, na maiti ikawekwa katika mfuko uliofungwa. Mume hakuruhusiwa kumwosha mkewe, wala mtoto kumvalisha mama yake. Methali inasema kifo cha wengi ni harusi. Katika miezi hiyo vifo vilikuwa vya wengi, lakini matanga hayakukaliwa kama ilivyo desturi, na kila nyumba ililia kivyake.

Baadhi ya watu waliwaficha wafu wao na kuwazika usiku. Baadhi waliugua kwa sababu hiyo, na baadhi waliwaambukiza waliobaki nyumbani. Hapo ndipo hatia ya Neville inapopata uzito wake kamili: aliyetimiza wajibu wake kwa mfu alihatarisha walio hai, na aliyetii amri alibaki na deni kwa mfu. Matheson aliliona fumbo hili miaka 64 kabla ya Mangina. Anaonyesha njia zote mbili katika nyumba moja. Neville hana amani na mtoto aliyechomwa kwa amri, wala hana amani na mke aliyezikwa kwa heshima. Riwaya haielekezi ni ipi kati ya njia hizo iliyokuwa sahihi, na kutoelekeza huko ni nguvu yake.

3.0 Mfu Asiye na Bwana

Inafaa kuuliza kwa nini hatia hii inamlemea Neville peke yake. Jibu linahusu aina ya mfu anayekutana naye. Neno zombi liliingia katika lugha za Ulaya na Marekani kutoka Haiti, na wataalamu wengi wanalihusisha na maneno ya Kikongo yaliyovuka bahari pamoja na watumwa. Zombi wa Haiti ana bwana. Ni mtu aliyeporwa nafsi ili afanye kazi, na filamu ya *White Zombie* ya mwaka 1932 bado inamwonyesha akisukuma mashine katika kiwanda cha sukari. Msukule wa Tanzania ni ndugu yake: watu wanaamini kwamba hakufa, amechukuliwa, na yuko mahali fulani akimlimia aliyemchukua. Mumiani wa pwani, anayesemekana kunyonya damu za watu, naye ana bwana wake. Ni mtu hai aliyeajiriwa, na damu ina mnunuzi.

Katika masimulizi haya yote yupo wa kulaumiwa, naye si mfiwa. Mgane ambaye mkewe amefanywa msukule analia, anakasirika, anatafuta mganga. Hana sababu ya kujichukia. Matheson alimwondoa bwana huyo. Mahali pake aliweka bakteria. Neville anasoma vitabu vya maktaba, anatazama damu kwa hadubini na kugundua kwamba wafu wanatembezwa na kijidudu kisicho na nia wala faida. Ugunduzi huo ni ushindi wa akili, lakini una gharama ambayo wahakiki hawajaizingatia vya kutosha. Pale ambapo maafa hayana mwenyewe, mfiwa hana wa kumdai. Hasira inarudi ndani na kugeuka hatia.

Butembo na Beni zilishuhudia masimulizi haya mawili yakishindana mitaani. Madaktari walieleza habari za kirusi. Sehemu ya wananchi walitafuta mwenye kufaidika. Magari mengi na fedha nyingi za kampeni ya kupambana na ugonjwa, iliyoitwa mjini kwa Kifaransa *la riposte*, vilionekana katika eneo ambalo tangu Oktoba 2014 watu walikuwa wakichinjwa vijijini karibu na Beni bila msaada wa kiasi hicho kufika. Desemba 2018 uchaguzi wa rais uliahirishwa Beni na Butembo, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa Ebola, hali taifa lilipiga kura tarehe 30 mwezi huo. Uvumi ulienea kwamba viungo vya maiti vinaibwa na kwamba majeneza huzikwa bila mtu ndani. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Uvumi huo haukuwa kweli, na ulisababisha vifo. Lakini mhakiki wa fasihi hapaswi kuishia kuuita ujinga. Ulikuwa simulizi yenye kazi maalumu: kumpa msiba mwenyewe, na kumpunguzia mfiwa mzigo wa kujiuliza kama ni mikono yake iliyoleta ugonjwa nyumbani. Kirusi hakishtakiwi. Matheson anasaidia kulielewa jambo hili kwa kuonyesha kinyume chake, yaani mtu anayeujua ukweli wa kisayansi wote na asiye na pa kuutua uchungu wake.

4.0 Kinga: Upweke au Utumishi

Tofauti kubwa zaidi kati ya riwaya na tajiriba ya Butembo inahusu kinga. Neville haambukizwi. Anadhani kinga yake ilitokana na kuumwa na popo alipokuwa mwanajeshi Panama. Kinga hiyo ndiyo inayomtenga na viumbe wengine wote. Hana wa kumuuguza kwa kuwa hakuna aliyebaki anayeumwa kama binadamu. Kiumbe pekee anachojaribu kukihudumia ni mbwa aliyemkuta akitangatanga. Anamvuta kwa chakula na subira nyingi, na mbwa anakufa. Anapokutana na Ruth, mwanamke wa kwanza baada ya muda mrefu, jambo analotaka ni kumpima damu. Shaka imekwisha kuwa tabia.

Ruth anatoka katika jamii mpya ya watu walioambukizwa lakini wakajifunza kuishi na ugonjwa kwa dawa. Barua anayomwachia Neville ndiyo kilele cha riwaya. Humo Neville anafahamu kwamba miongoni mwa aliowaua mchana wakiwa wamelala alikuwamo mume wa Ruth. Kwa hiyo mgane amemfanya mwanamke mjane bila kujua, akidhani anasafisha mji. Mwishoni, akisubiri kuuawa, Neville anautazama umati kupitia dirishani na kuona hofu katika nyuso zao. Anatambua kwamba yeye ndiye jinamizi la watu hawa, kama wanyonya damu walivyokuwa jinamizi la watu wake. Jina la riwaya linapata maana yake hapo.

Filamu ya mwaka 2007 iliyoigizwa na Will Smith ilimgeuza Neville kuwa daktari wa jeshi anayekufa ili dawa iokoke. Badiliko hilo linamfariji mtazamaji, ila linaondoa swali gumu kuliko yote: je, ugumu wa mfiwa unampa haki ya kuua asichokielewa?

Walionusurika na Ebola katika mlipuko mzima walikuwa zaidi ya 1,100. Waliitwa washindi. Wengi wao walikuwa wagane, wajane na yatima, na wengine walirudi katika mitaa iliyowaogopa. Hali yao ya mwanzo inafanana na ya Neville: kinga ndani ya mwili, makaburi nyuma yao, na macho ya majirani. Lakini kinga hiyo ilitumiwa kwa namna ambayo Matheson hakuifikiria. Kwa kuwa waliweza kuwakaribia wagonjwa bila hofu kubwa ya kuambukizwa tena, baadhi ya washindi waliajiriwa katika vituo vya matibabu na katika nyumba za kulelea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Walibeba watoto ambao hakuna jirani aliyethubutu kuwagusa, wakawalisha na kuwabembeleza. Beni pia, mwaka huo wa 2018, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu ili ndugu wa mgonjwa waweze kumwona na kuzungumza naye. Ukuta ulibaki, kwa sababu ugonjwa uliuhitaji. Kilichoondolewa ni kutoonana. Nyumba ya Neville, iliyozibwa kwa mbao, ni kinyume cha chumba hicho.

Hapa ndipo upungufu wa riwaya unapodhihirika. Matheson anaonyesha kwamba hatia hugeuka ugumu, na ugumu hugeuka ukatili. Mfululizo huo anauonyesha kama kanuni ya nafsi ya binadamu. Mfano wa washindi unapendekeza kwamba ni kanuni ya mtu aliye peke yake tu. Hatia ya aliyenusurika haikufutwa na kazi ya ulezi, wala haifai kudai hivyo. Lakini ilipewa mahali pa kwenda palipokuwa na mtu mwingine.

5.0 Hitimisho

*I Am Legend* inabaki kuwa kazi yenye thamani kwa mwanafunzi wa fasihi, hasa kwa jinsi inavyochelewesha habari za mazishi hadi msomaji awe amekwisha kumzoea Neville kama muuaji. Udhaifu wake ni kwamba Virginia hapewi sauti, na kwamba ulimwengu wake hauna matanga, ukoo wala majirani walio hai wa kumwambia mgane kuwa inatosha.

Kwa waandishi wa Kiswahili kuna funzo la wazi. Riwaya ya Kiswahili imekwisha kuonyesha kwamba inaumudu ulimwengu ulioporomoka. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Euphrase Kezilahabi ni ushahidi. Mwandishi atakayetaka kumsimulia mgane wa Kimemi hana haja ya kuazima mazombi wa sinema. Lugha inayo maneno mgane, msukule, mumiani na matanga, na kila moja linabeba swali la nani alaumiwe na nani akae na mfiwa. Baada ya Ebola limeongezeka neno la zamani lililopata maana mpya: mshindi. Riwaya itakayomchukua mshindi huyo akiwa na mtoto wa watu mikononi, na kaburi asiloruhusiwa kulikaribia moyoni, itakuwa imemjibu Matheson.