Neno "Kimeng'enya" na Mabua ya Meru

Mkulima wa Tengeru, chini ya Mlima Meru, amkatiapo ng'ombe wake mabua na migomba, ajua kwamba mnyama huyo hunawiri kwa chakula kisichomfaa mtu. Mabua yamejaa selulosi, nayo ni mnyororo wa glukosi. Lakini mwili wa binadamu hauna cha kuufungulia, hali vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinacho. Kitu hicho Kiswahili kimekiita kimeng'enya.

Neno hili laweza kulaumiwa kwa mambo mawili. Kwanza, lanuka tumbo, hali kuvu hutoa vimeng'enya vyake nje ya mwili, juu ya bua linalooza shambani. Lawama hii ni nyepesi, kwani maana hukua kwa matumizi. Pili, majina ya ala yatokanayo na vitenzi aghalabu huishia kwa -o, kama kifuniko na kizibo. Mbona hili likaishia kwa -a? Jibu limo katika kipimajoto na kinasasauti: -a hubaki pale kitenzi kifuatwapo na kitendwa chake. Basi kimeng'enya ni neno linalongojea mwenziwe, na sayansi yenyewe huviita vimeng'enya vingi kwa jina la kitu vinachokitenda. Kimeng'enyaselulosi ni neno refu, lakini si geni kwa sarufi.

Upungufu mkubwa umo katika kitenzi kuvunja. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vya namna tatu: cha kwanza hukata mnyororo katikati, cha pili huanzia nchani, kikibandua glukosi mbili mbili, cha tatu huzitenga hizo mbili. Zikirundikana kabla ya kutengwa, huvizuia vile viwili vilivyotangulia. Tena, hesabu ya Michaelis na Menten ya mwaka 1913 yachukulia kwamba kimeng'enya na kitendwa vimeyeyuka pamoja majini. Selulosi haiyeyuki, na kimeng'enya hugusa uso wake tu. Mwenye kuandika "huvunja" kwa yote hayo amefuta tofauti zile zile ambazo kielelezo cha hesabu huundwa ili kuzionyesha.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990, na kamusi za namna hiyo huyapa majina nafasi kubwa kuliko vitenzi. Huko Tengeru, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela hufundisha kwa Kiingereza. Elimu yake ikitakiwa imfikie mwenye mabua aliye jirani, wafasiri wasitosheke na majina waliyoyasanifu. Na wavipime vitenzi pia. Kukata, kubandua na kutenga mkulima anavyo tangu zamani.