Chachu Inayopanda Juu

Mpika bia wa nyumbani akishamimina chachu ndooni, kazi ya mikono imekwisha karibu yote. Inayobaki ni kazi ya macho, hasa kwa anayepika eli, bia ya jadi ya Waingereza, ambayo chachu yake haikimbilii kuzama bali hupanda juu.

Hupanda kwa sababu chembe zake hazipendi maji. Chachu inapokula sukari ya kimea cha shayiri, hutoa kileo na kabonidayoksaidi. Vipovu vya hewa hiyo vikielekea juu, chembe hujishikiza navyo zikapanda pamoja. Katika nyuzi joto 18 hadi 22 za Selsiasi, siku haijaisha mara nyingi utando mweupe umeshatanda. Kesho yake ni povu zito lenye vilima na mabonde, ambalo wapika bia wa Uingereza hulifananisha na koliflawa.

Juu ya vilima hivyo hujitokeza gamba la kahawia, utomvu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, uliochanganyika na protini za kimea. Lionje kwa ncha ya ulimi: ni uchungu mkali unaokwaruza. Fundi huchukua kijiko kipana alichokitakasa kwa dawa, akakilaza karibu usawa na bia, akaliengua gamba peke yake, bila kulichafua povu jeupe lililo chini yake. Naupenda sana utulivu wa mkono huo. Povu linalopanda baadaye, laini, lenye harufu ya mkate na matunda, halitupwi. Ndilo lenye chachu safi yenye nguvu; huenguliwa likawekwa kwenye friji, ndani ya chupa ambayo kizibo chake hakikukazwa, likingojea pishi lijalo.

Waingereza wamelishughulikia povu hili hadi kwa mawe na mbao. Kule Tadcaster, Yorkshire, kiwanda cha Samuel Smith kilichoanza mwaka 1758 bado huchachusha bia katika matangi ya mraba ya jiwe la sleti. Tangi lina dari yenye tundu: povu hupanda kupitia hapo, chachu ikabaki juu ya dari, na bia iliyobebwa nayo ikateremka tena. Huko Burton upon Trent walitumia mapipa yaliyounganishwa kwa mabomba, mtambo ambao Peter Walker aliupatia hataza mwaka 1838. Kiwanda cha Marston's cha hukohuko kiliacha kuutumia mwaka 2024, na seti moja ikahamia kiwanda cha Thornbridge kule Derbyshire. Nilifurahi kwamba haikuishia kuwa kuni.

Mwenye ndoo hana jiwe wala mapipa, naye ndiye anayekabiliwa na jambo gumu zaidi: povu likishashuka, vibonge vya chachu bado vinaelea. Je, bia haijaiva, au imeharibika? Haidromita, kifaa cha kupima uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, hujibu swali la kwanza. Bia iliyoanza kwenye 1.045 ikifika karibu na 1.011, na kipimo kikabaki hapo kwa siku mbili tatu, chachu imemaliza kula. La pili huamuliwa kwa jicho. Vibonge vyenye rangi ya maziwa au hudhurungi, vimelowa na kutawanyika, ni chachu tu iliyoshikiliwa na hewa. Utando mkavu wenye mikunjo na malengelenge makubwa ni wa vijidudu wengine.

Vibonge vikiwa vya chachu, fundi haikorogi bia, kwa kuwa hewa ya nje ikiingia wakati huu huipa ladha ya boksi lililolowa. Huizungusha ndoo taratibu, kifuniko kikiwa mahali pake, hadi vibonge viachie hewa na kuzama. Vikikaidi, ndoo huhamishiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 kwa siku mbili au tatu, na vingi hutua.

Siku ya kujaza chupa, mdomo wa bomba huwekwa katikati, chini ya vinavyoelea na juu ya mashapo, na bia ya mwisho huachwa ndooni bila kuikamua. Hata bia iliyong'aa hivyo ina chembe za chachu zisizoonekana. Hizo zitakula sukari kidogo inayotiwa wakati wa kujaza, na kuipa bia gesi yake ndani ya chupa iliyozibwa.