Mifupa ya Tendaguru na Kalamu ya Mchoraji

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuona picha ya yule mnyama mkubwa wa Tendaguru, mwenye shingo ndefu kupita twiga, ambaye mifupa yake ilichimbuliwa katika nchi ya Lindi kati ya miaka 1909 na 1913, na sasa imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Huku kwetu Singida picha za namna hiyo hutufikia katika vitabu, na watoto huzitazama kama watazamavyo picha ya tembo. Yaani hudhani kuwa yuko mtu aliyemwona mnyama, akaketi, akamchora. Yatupasa basi kuipima kazi ya wachoraji hao, tujue wapi wameshuhudia na wapi wamejisemea tu.

Tuanze na mifupa yenyewe, maana ndiyo shahidi wa kwanza. Walioichimba ni watu wetu, na msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi wakaichukua kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, mizigo ipatayo zaidi ya tani 200. Mtaalamu wa Kijerumani, Werner Janensch, akamjenga mnyama, na mwaka 1937 akasimama mbele ya watu; leo urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Walakini mifupa ile haikutoka katika mnyama mmoja. Iliunganishwa ya wanyama kadha wa kadha, na palipopunguka pakajazwa kwa plasta. Hivyo hata kabla mchoraji hajashika kalamu, kazi ya mikono ya watu imekwisha kuingia.

Tena Janensch alimsimamisha mnyama huyu na viwiko vya miguu ya mbele vimetoka nje, na mkia ukiburura chini. Mwaka 2007 alisimamishwa upya: miguu imenyoka chini ya mwili kama nguzo za nyumba, na mkia umeinuliwa juu. Mnyama ni yule yule. Kilichobadilika ni hukumu ya watu. Sisi twaona kuwa sura hii ya pili ni bora, kwa kuwa uzito mkubwa namna ile hauchukuliwi kwa viwiko vilivyopanuka.

Na hapa hatuna budi kuisuta lugha yetu pia. Watu wengi, hata katika magazeti, humwita mnyama huyu “mjusi”. Neno hili ni picha, tena picha mbaya. Mtoto asikiapo mjusi humwona yule wa ukutani, tumbo chini, miguu imetandazwa huku na huku. Basi amekwisha kumchora mnyama wa Tendaguru vibaya kabla ya kufungua kitabu. Afadhali dinosaria, neno geni lisilomdanganya mtu.

Wako wachoraji wa zamani waliomzamisha ziwani, kichwa tu kikichungulia, kwa sababu matundu ya pua katika fuvu yako juu. Picha zile ni nzuri kwa macho, maji yametulia na majani yameota pembeni. Lakini mwaka 1951 mtaalamu K. A. Kermack alieleza kwamba maji ya kina kile yangalimbana kifua hata asiweze kuvuta pumzi. Hoja ikaanguka, picha isianguke; ilizidi kuchapwa katika vitabu vya watoto miaka mingi baadaye. Ndiyo sababu twasema kosa la picha ni gumu kuliko kosa la maneno: maneno husahihishwa kwa maneno, bali picha hukaa machoni.

Wachoraji wa siku hizi wana kosa jingine, nalo ni kuivuta ngozi juu ya mifupa kama ngoma iliyowambwa. Na atazame ng'ombe wetu wa hapa Singida. Nundu yake ni nyama, haina mfupa wake. Ngozi inayoning'inia shingoni haina mfupa. Mtu aliyepewa mifupa mitupu ya ng'ombe huyu angemchora bila nundu, nasi tungemcheka. Jogoo naye, kilemba chake kingepotea. Wala si mzaha, maana mwaka 2013 lilitangazwa dinosaria la Kanada, Edmontosaurus, lililokutwa na kilemba cha nyama kichwani, jambo ambalo fuvu lake halikuwa limemwambia mtu yeyote.

Juu ya rangi, mnyama wa Tendaguru hakutuachia neno. Akichorwa kijani au kijivu, hiyo ni hiari ya mchoraji, naye angefanya vema kuiandika chini ya picha yake. Mahali pengine jiwe limekuwa karimu zaidi: katika China alipatikana mnyama mdogo, Sinosauropteryx, mwenye manyoya, na mwaka 2010 wataalamu wakatambua kwamba mkia wake ulikuwa na mapete mekundu kama kutu na meupe.

Wilaya zetu hizi hazina dinosaria tulijualo. Lakini magharibi ya mji wa Singida, mahali paitwapo Mahenge, palikuwa na ziwa yapata miaka milioni 46 iliyopita, na katika udongo wake laini uliogeuka jiwe wamekutwa samaki, popo na chura. Chura huyo aliitwa Singidella mwaka 2005, kwa jina la nchi yetu, na samaki mmoja huitwa Singida. Twashangaa kuwa katika picha zote zinazofika shuleni hatujamwona hata mmoja wao. Mchoraji wa kwetu angeweza kuanza na chura huyu. Mifupa yake imelala katika jiwe, na jamaa zake, vyura wa majini wenye kucha miguuni, wangali hai katika Afrika. Angekwenda dimbwini, akatazama ngozi na nyama zinavyokaa juu ya mifupa, ndipo akachora.