Pongezi kwa Ibada ya Waanglikana

Mgeni atokaye Mubambiro, jirani na Sake katika barabara iendayo Goma, akaingia kwa mara ya kwanza katika kanisa la Kianglikana, hana haja ya kutaharuki; kwani ibada hiyo, iliyoletwa Kongo na Apolo Kivebulaya, Mganda aliyewasili Boga mwaka 1896, imepangwa kwa taratibu na adabu zistahilizo sifa. Asiyejua lini asimame na lini apige magoti na amtazame jirani yake tu, ambaye aghalabu atamsogezea Kitabu cha Sala kikiwa kimekwisha kufunuliwa, kidole kikionyesha mstari. Hisani hii ndogo naipenda kuliko hotuba nyingi za makaribisho.

Husomwa Agano la Kale, Zaburi na Waraka, kisha Injili, ambayo watu wote huisikiliza wakiwa wima. Ndipo yafuatapo mahubiri (nayo huenda yakarefuka), Imani ya Nikea, na kupeana mikono ya amani, jambo lenye uzito wa namna yake huku Masisi, eneo ilimo Mubambiro, ambako vita vimewahamisha watu mara kwa mara.

Wakati wa Ushirika Mtakatifu, mshirika hukinga viganja, cha kulia juu ya cha kushoto, apokee mkate, kisha kikombe. Asiyebatizwa naye aweza kusogea, mikono ameikunja kifuani, kasisi ambariki. Sadaka ni hiari, na mgeni asiye na kitu akibaki kitini wengine wakienda kutoa kwa nyimbo, hapana atakayemuuliza.