Pini Nyeusi, Pini ya Kijivu

Weka pini mbili za LEGO kiganjani. Kila moja ina urefu wa milimita 16. Nyeusi ina matuta membamba pembeni, na ukiichomeka tunduni inabana. Ya kijivu ni laini, na kipande kilichoshikwa nayo huzunguka bila kusita. Mjenzi mwenye haraka huziona ni kitu kimoja, mpaka mkono wa roboti uliotakiwa kukaa imara ulegee katikati ya mchezo. Mtunza vipuri hazichanganyi hata akifumba macho. Ukucha wake unamwambia.

Mashindano ya FIRST LEGO League yamefika Rwanda, na mchezo wa roboti wenyewe ni dakika mbili na nusu tu. Watu hupiga makofi kwa dakika hizo. Mimi navutiwa na mtunza vipuri wa timu, yule anayebaki na sanduku jioni.

Seti ya LEGO iitwayo SPIKE Prime, inayotumiwa na timu nyingi, ina vipande 528. Mota ziko tatu, na mota haipotei. Zinazopotea ni pini. Ukiwa Giheke, wilayani Rusizi, pini iliyopotea ni shida kubwa. Ukishuka mjini Kamembe utapata skrubu, waya, gundi na betri, lakini si pini ya kijivu. Kuifuata Kigali ni kuvuka msitu wote wa Nyungwe, na huko nako huenda ukaambiwa iagizwe ng'ambo.

Kwa hiyo anahesabu. Daftari lake lina safu tatu: vilivyomo sandukuni, vilivyomo kwenye roboti, vilivyovunjika. Safu ya katikati ndiyo inayoonyesha ukomavu wake. Roboti iliyosimama mezani nayo ni stoo, na asiyeliona hilo atalia kwamba ameibiwa wakati mali yake yote iko mbele ya macho yake.

Mota anazihifadhi kwa namna yake. Waya wa mota hizi hauchomoki, umeungwa moja kwa moja, na ukikatika shinani mota nzima imekwisha. Hauzungushi kwa kuukaza kwenye mwili wa mota. Anaukunja mkunjo mpana, kama mama anavyokunja kitenge asichotaka kiote mikunjo.

Rusizi ni nchi ya kahawa, na watoto wa hapa wamewaona wanawake wakiinamia vitanda vya kuanikia, vidole vikiokota punje mbovu kabla hujamaliza kuitafuta kwa macho. Mkono wa mtunza vipuri ni wa ukoo huo.

Lakini kilichonifanya nimheshimu zaidi ni gia. Mjenzi anakuja mbio: anataka gia ya meno 36, isukumwe na ya meno 12, mzigo unyanyuke. Hapo mwendo hupungua mara tatu na nguvu huongezeka karibu kiasi hicho, ukiacha inayoliwa na msuguano. Gia hiyo imeshatumika kwingine. Mtunza vipuri hamjibu kwamba hakuna. Anampa ya 20 na ya 28. Jumla ya meno ni 48, kama ilivyokuwa kwa 12 na 36, hivyo zinakaa kwenye matundu yaleyale bila boriti hata moja kusogezwa. Anamwonya papo hapo kwamba nguvu haitafika mara moja na nusu, basi mzigo upunguzwe. Huyo ni mhandisi, ingawa jina lake limeandikwa kwenye orodha kama mtunza sanduku.

Jioni roboti inabomolewa, na kila kipande kinarudi kwenye trei yake. Anafagia kwa kiganja chini ya benchi, anachekecha vumbi. Hesabu inatoka 527. Anaanza upya, safari hii akiinua boriti moja moja kuelekea dirishani, aone mwanga ukipita katika kila tundu. Kwenye boriti nyeusi, tundu moja halipitishi mwanga.